Eda Haikatazi Spana

Mtu akikuambia kwamba mkanda wa taimingi haubadilishwi nyumbani, muulize: nyumbani kwa nani? Kwangu mimi umebadilishwa uani, baina ya kamba ya nguo na banda la kuku, na aliyeubadilisha alikuwa mjane ndani ya eda, mwenye goti linalolia kama bawaba ya mlango. Nawaambia ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu mkononi, mkanionyesha video za gereji zinazong'aa kama chumba cha daktari, kisha mkaniambia, "Bibi, kumbe kazi hii inataka mashine." Inataka, ndiyo. Mashine zenyewe ni mikono miwili, seti ya spana iliyotimia, na mtu asiyependa kuambiwa hapana.

Mimi ni Mwanamisi wa Msambweni. Nimefanya kazi hadi kustaafu katika gereji ya hoteli moja ya wageni kule Diani, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Habari zangu sitazipanga moja baada ya nyingine, kwa kuwa hazikunipata kwa mpangilio. Nitasema kama zinavyonijia, nanyi mtavumilia.

Kwanza mkanda wenyewe, maana wengi mnautaja tu. Ndani ya injini kuna wa chini na wa juu. Wa chini ni krenki, anazungushwa na pistoni. Wa juu ni kamshafti, anafungua na kufunga vali. Mkanda wa mpira wenye meno ndio unaowafunga hawa wawili waende pamoja, kama wapiga ngoma wa sengenya. Akikosea mmoja, wachezaji wote wanagongana. Kuna injini ambazo mkanda ukikatika pistoni hupiga vali zikapinda, na hapo ni kilio. Kuna nyingine ambazo hazifikiani kabisa. Mkanda ukikatika gari linazima tu, linakaa kukungoja. Ujue yako ni ya namna gani kabla hujatangaza msiba.

Haya niliyafundishwa na Fundi Bakari, Mungu amrehemu, mtu wa Kinango aliyekuja pwani kufuata kazi na hakurudi tena kwao ila kwa mazishi. Mimi sikuajiriwa gereji. Niliajiriwa dobi, kufua. Ovaroli za mafundi zilikuwa zinaletwa kwangu na mifuko imejaa bolti na nati, nami kabla ya kufua nilikuwa nazitoa, nazipangusa, nazirudisha gereji kwenye kopo la maziwa. Siku moja nikamuuliza Fundi Bakari, "Hii ndogo yenye shingo ndefu inakaa wapi?" Akanitazama, akanichukua mpaka kwenye injini, akanionyesha. Kesho yake nikauliza nyingine. Mwishowe akaenda kwa meneja akasema, "Hawa wangu wanapoteza bolti, yule wa dobi anazirudisha. Nipe yule." Wenzangu wa dobi walinicheka wakasema nitarudi kabla nguo hazijakauka. Bado wananingoja.

Msidhani nilipokewa kwa hoihoi. Kulikuwa na dereva mmoja aliyekataa kuendesha basi nililolitengeneza mimi. Alisema hawezi kubeba roho za watu kwenye kazi ya mwanamke. Sikubishana naye. Nilichukua ufunguo, nikamwambia aketi kando yangu, nikaliendesha kutoka Diani hadi Kombani, nikakipandisha kile kilima mpaka Kwale mjini, nikageuza, nikateremka. Tulipofika gereji aliomba ufunguo wake kwa sauti ndogo, nami nikampa.

Sasa njooni kwenye eda.

Mume wangu Salimu hakuwa fundi. Alikuwa mrefu, mpole, mpenda kuendesha. Gari letu, stesheni wagoni kuukuu la Kijapani, nililinunua mimi kwa kiinua mgongo changu, lakini barabarani lilikuwa lake, na mimi nilikuwa nikilipenda zaidi yeye akiwa usukanini. Nilipostaafu, gari hilo ndilo lililotuweka mjini. Mtu akiharibikiwa Lungalunga au Shimoni ananipigia, Salimu ananipeleka na sanduku la spana, natengeneza, tunarudi tukila machungwa. Siku moja likamzimikia njiani karibu na Milalani. Halikupiga kelele, halikutoa moshi, lilizima. Likavutwa mpaka uani kwetu. Nilijua papo hapo ni mkanda, ila wiki hiyohiyo Salimu akashikwa na maradhi, na mtu hamwachi mumewe kitandani akaenda kulala chini ya gari. Hakuinuka tena. Nilimlilia sana, na bado kuna siku namlilia.

Mjane kwetu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hatoki nyumbani pasipo dharura, hajipambi, hajipaki hina wala manukato, na mwanamume asiye maharimu wake hazungumzi naye ila kwa haja na kwa stara. Niliikaa eda yangu sawasawa, na atakayesema sikuikaa tutakutana mbele ya Mola.

Eda haijafika katikati, shemeji yangu Rashidi, mdogo wake Salimu, akapiga hodi. Akasimama nyuma ya pazia la mlango kama adabu inavyotaka. Alikuwa amekuja na fundi wake, ambaye alikuwa ameshazungusha ufunguo mara moja, akasikia injini inazunguka kwa wepesi bila kushika, akatikisa kichwa.

"Shemeji, pole na msiba," Rashidi akasema. "Gari limekufa. Fundi anasema vali zote zimepinda. Nimeshapata mtu wa chuma chakavu, ana lori. Siku utakayotoka eda atakuja kulibeba."

"Ahsante shemeji. Na mimi nani atanibeba?"

Alikohoa. Kumbe hilo nalo lilikuwa limeshapangwa. Nyumba ingepangishwa, nami ningehamia kwa mwanangu Kwale mjini, chumba cha nyuma. "Utapumzika," akasema. "Mwanamke wa umri wako, peke yake, bila mume, bila gari, utaishije huku?" Mwanangu mwenyewe alikuwa ameshakubali, tena kwa mapenzi, na mapenzi ndiyo magumu kuyakataa.

Nilielewa basi kwamba gari na mimi tulikuwa tumewekwa kwenye lori moja. Likiwepo gari, nina kazi, nina nyumba, nina mlango wangu wa kufunga na kufungua. Likiondoka, mimi ni mzigo wa watu wanaonipenda. Nikamwambia nyuma ya pazia: "Shemeji, huyo fundi wako hakuvua hata kifuniko, na injini hii ni ile ambayo pistoni haifikii vali. Siku hiyo njoo na lori lako. Likiwaka, hamgusi gari, hamgusi nyumba, na hamnigusi mimi. Lisipowaka, nitapanda mbele kando ya dereva, mnipeleke mtakako."

Akacheka kidogo, cheko la kumbembeleza mtoto. "Haya shemeji. Inshallah."

Mafundi niliowalea walikuwa tayari kuja, lakini uani mwa mjane si mahali pa wanaume kushinda kutwa. Basi nikaifunga leso kifuani, nikavaa ovaroli kuukuu juu yake, nikaketi kazini. Kiti changu kilikuwa mbuzi ya kukunia nazi, meno nimeyaelekeza kando. Hakuna kigoda kinachokaa vizuri mbele ya tundu la gurudumu kama mbuzi. Ninyi endeleeni kununua viti vya magurudumu.

Tega sikio hapa. Kwanza toa waya wa betri. Kisha inua upande wa kulia na utoe gurudumu, na ukishainua weka gogo la mti mgumu chini ya chesisi, maana jeki ni ya kuinua, si ya kulalia. Toa plagi, injini izunguke laini. Ishikilie injini kwa jeki ya pili na kipande cha ubao, ndipo ufungue mguu wake wa upande huo. Kila bolti iwekee mahali pake. Mimi natumia sinia za chai, kila sinia na sehemu yake, na sinia hizo hazirudi jikoni.

Mkanda mpya niliuagiza kwa simu kutoka duka la spea Ukunda. Kijana wa pale, mtu wa bara, akaniambia, "Mathe, hii ni ileile tu, niamini." Boda akautundika langoni. Niliulaza juu ya vipande vya ule wa kale nikaona meno hayalaliani. Nikaurudisha. Akaleta wa pili, akanipigia mwenyewe: "Mathe, umejuaje?" Nikamwambia niliulaza juu ya mwenziwe, naye aanze kufanya hivyo hivyo. Usimwamini muuzaji, hata akiwa mwanao.

Lakini kabla ya kuagiza, nilipovua kifuniko cha juu cha mkanda, kilichokuwa na ufa, ndipo nilipokutana na jambo. Harufu. Si ya petroli, si ya oili. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nazi yaliyochacha. Vipande vya mkanda vilikuwa vimelainika na kuvimba, meno yanang'oka kwa ukucha. Nikakaa juu ya mbuzi yangu nikacheka peke yangu, mara ya kwanza tangu msiba. Rashidi alikuwa amewahi kuliazima gari kwenda harusini Kinango. Lilipokwenda lilikuwa linalia fenbelti ya nje, wiii, wiii. Liliporudi lilikuwa kimya, naye akamwambia Salimu kwa majivuno, "Kaka, nimelitibu, na sikumwita fundi." Hatukuuliza dawa. Dawa yenyewe ilikuwa chupa ya jikoni. Mafuta hunyamazisha mkanda, ndiyo, kisha huula. Yalirushwa na puli, yakapita kwenye ule ufa, yakaufikia mkanda wa ndani ambao hakuujua kama upo. Kosa hili ni la watu wa pwani. Wa bara wangelipata wapi mafuta ya nazi ya kumwaga? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikakitia kipande kimoja cha mkanda kwenye kopo, nikafunika.

Sasa alama. Puli ya chini ina mkwaruzo wake, giya ya juu ina tundu lake, na lazima kila moja ielekee alama yake kabla hujavisha mkanda. Alama hizo zikizeeka hazionekani, hasa kwa macho yangu. Fundi Bakari alinifundisha kuzijaza rangi ya kucha, nyekundu. Inashika chuma, inakauka upesi, haikimbii oili. Mimi kucha sijapata kupaka maishani, kwa sababu ya udhu, lakini kichupa hakikosi sandukuni mwangu.

Na kichupa hicho ndicho kilichotaka kuniunguza. Wifi yangu Mejumaa, dada yao Salimu na Rashidi, alikuja kunijulia hali, akakiona dirishani nilipokiacha baada ya kazi. Alikunywa chai yake akaenda. Siku mbili hazikupita, mtaa mzima ukajua kwamba mjane wa Salimu anajipaka rangi ya kucha ndani ya eda. Mwanangu akanipigia kwa aibu: "Mama, ati kweli?" Rashidi naye akapata la kusema, kwamba shemeji amechanganyikiwa kwa upweke, heri ahamishwe mapema. Hapo nilikasirika. Kunisema kwamba siwezi kazi nimezoea. Kunisema kwamba nimemvunjia Salimu heshima yake, hilo sikulikubali.

Nikamwita Mejumaa. Alikuja na buibui lake na uso wa hukumu. Sikumkaribisha kiti. Nilimnyoshea mikono yote miwili, nyeusi kwa grisi, kucha zimevunjika.

"Wifi, nionyeshe kilichopakwa."

Akatazama. Nikamshika mkono nikampeleka mpaka garini, nikamwinamisha aone ile nukta nyekundu kwenye puli na mwenziwe juu.

"Mwenye kucha ni huyu," nikasema. "Kamseme mtaani na yeye."

Aligusa ile nukta kwa kidole. Kisha akauliza, taratibu, "Litawaka?"

"Likipata mtu wa kunikanyagia breki."

Maana nilikuwa nimekwama. Bolti ya puli ya krenki imekazwa kuliko zote, na ukiilazimisha injini nzima inazunguka nayo. Dawa ni kutia giya ya tano, mtu akanyage breki kwa nguvu zote, wewe uvute. Mejumaa akapanda usukanini. Miguu yake haikufika. Kiti kilikuwa nyuma kabisa, pale Salimu alipokiacha kwa ajili ya miguu yake mirefu. Akapeleka mkono akivute.

"Usikivute," nikasema. "Nitakuletea mto."

Nikamletea mto mgongoni. Alishika usukani kwa mikono miwili, akamkumbuka kaka yake, akalia. Nami nikalia, huku nimekaa juu ya mbuzi na spana mkononi. Kisha nikavisha bomba la maji kwenye mkono wa spana, kwa kuwa mti hauendi ila kwa nyenzo, nikamwambia, "Kanyaga, wifi, kama unakanyaga maneno uliyoyasema." Akakanyaga. Bolti ikatoa mlio kama wa mfupa, ikaachia.

Tangu siku hiyo alikuwa akija kila alasiri. Tulivisha mkanda pamoja. Anzia krenki, pandisha upande usio na rola ukiwa umekazika, zungusha kwenye giya ya juu, ndipo uachie rola ikaze ule upande uliolegea. Halafu fanya lile ambalo vijana hamlifanyi: zungusha injini kwa mkono, mizunguko miwili ya krenki, ukisikiliza. Gereji kulikuwa na mwenzetu aliyejiona mjuzi. Yeye aliruka hatua hii akazungusha ufunguo, na injini ile haikuwa ya kusamehe. Fundi Bakari aliitundika vali moja iliyopinda juu ya meza yake kwa uzi. Hakumgombeza. Aliiacha ikining'inia mpaka uzi ukaoza.

Sisi tulizungusha kwa mkono, tukatazama. Alama ya chini imefika mahali pake. Ya juu imepita jino moja. Mejumaa akasema, "Jino moja tu, wifi. Nani atajua?" Nikamwambia injini itajua, nayo haiwekwi siri. Tukalegeza, tukavua, tukaanza upya. Magoti yangu nayo yalikuwa na la kusema siku hiyo. Mara ya pili nukta nyekundu zikatulia mahali pake kama zilizaliwa hapo. Nikarudisha vyote nilivyovitoa, na sinia zikabaki tupu, na sinia tupu ndiyo raha ya fundi.

Mejumaa alikuwa amekwisha kuipeleka betri kuchajiwa. Nikaegemea mlangoni, nikapitisha mkono kwenye ufunguo, nikasema bismillahi. Ilisita, ikakohoa, ikashika. Kuku wote wakatawanyika. Nikaizima upesi, nikamwambia, "Usimwambie mtu." Yeye, ambaye habari ya kucha haikulala kwake hata siku mbili, hii aliilaza hadi siku ya siku.

Siku ya kutoka eda nilioga, nikasomewa dua, wanawake wakaja. Mejumaa alitaka kunitia hina, nikamwambia tusubiri, mikono ina kazi kwanza. Tukasikia lori. Lilikuja kinyumenyume mpaka langoni, likaziba njia yote. Rashidi akaingia uani na mwenye chuma chakavu, na mwanangu nyuma yao, kichwa chini, amekuja kunisaidia kufunga mizigo.

"Shemeji, shikamoo," Rashidi akasema. "Tuko tayari."

"Marahaba. Na mimi niko tayari."

Nilifungua mlango wa gari nikaketi. Miguu haikufika. Nilikaa hivyo kidogo, mgongo wangu pale ulipokuwa mgongo wake. Kisha nikatia mkono chini ya kiti, nikakivuta mbele mwenyewe, mpaka pedali zikawa zangu. Nikazungusha ufunguo. Liliwaka mara moja.

Rashidi akauliza fundi gani ameingia humu. Mejumaa akajibu kabla yangu, huku akizunguka kwenda mlango wa pili: "Mimi nilikanyaga breki, kaka." Nami nikampa Rashidi lile kopo kupitia dirishani. Akafunua, akanusa. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa harufu ile. Alilifunika taratibu, akalitia mfukoni, na tangu siku hiyo hajanena neno la chumba cha nyuma.

Mwanangu alikuja upande wangu, macho mekundu. "Mama, wapi sasa?"

"Kazini. Kuna mtu amekwama Shimoni tangu asubuhi."

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaambia, ninyi mnaosema hiki hakifanyiki na kile kina wenyewe. Wenyewe ni nani? Rangi ya kucha imo sandukuni, mbuzi iko jikoni, uani kuna nafasi. Njoo na gari lako, lakini spana utashika wewe.

Siku ile bado lori lilikuwa limeziba lango. Nikatoa kichwa dirishani nikamwita dereva wake, kwa upole, kama nilivyolelewa.

"Mwanangu, sogeza lori. Nataka kupita."

Akasogeza. Nikapita.